WD-40 na mafuta ya cherehani kwenye leva ya gia iliyogoma: uzoefu wangu

Baiskeli yangu ni mtumba kutoka Japani, ya miaka ya 1990, yenye leva za Shimano za kubofya kwa kidole gumba. Niko Lushoto, na huku kwenye milima bila gia utaisukuma baiskeli kuliko utakavyoipanda. Fremu nzima, breki safi, lakini leva ya kulia ilikuwa inakwenda tupu: unabofya, inarudi, gia haibadiliki. Asubuhi kwenye baridi ndiyo haishiki kabisa. Jua likishapanda, inashika mara mojamoja. Fundi akaniambia imekufa, nitafute nyingine.

Ile habari ya baridi ndiyo iliyonifanya nikatae. Chuma kilichokatika hakiponi saa sita mchana. Ndani ya leva hizi kuna gurudumu dogo la meno na vikucha vinavyosukumwa na springi nyembamba ili ving'ate meno hayo. Kiwandani hupakwa grisi, na grisi hiyo ikishakaa miaka mingi inakauka na kunata kama gundi. Kikucha kinabaki kimelala, springi haina nguvu ya kukinyanyua, na baridi inazidisha ugumu.

Kwanza nilichomoa waya wa gia nikaijaribu leva peke yake. Usiruke hatua hii, maana ikishika vizuri bila waya, basi ugonjwa uko kwenye waya au ganda lake, na dawa yote utakayopuliza itakuwa ya bure. Yangu haikushika.

Nikaweka mrija wa kopo la WD-40, ile dawa ya kupuliza ya kulegeza vyuma vilivyokwama, kwenye tundu la kupitishia waya, nikapuliza mpaka ikaanza kudondoka, huku nikibofya vibofyo vyote viwili vya leva hiyo, cha kupandisha na cha kushusha gia, mfululizo. Kilichotoka kwanza kilikuwa cha kahawia, kizito. Nikaacha iloweke, nikapuliza tena, nikabofya tena. Inachosha kidole, na kwa muda mrefu utadhani unajisumbua tu. Halafu unasikia "tik" moja, baadaye mbili, mwishowe zote. Endelea mpaka kinachodondoka kiwe safi. Fanyia nje, mbali na moto, na funika rimu na raba za breki kwa kitambaa. Zikilowa mafuta utajuta kwenye mteremko wa kwenda Mombo.

Sasa sifa na kasoro. Kwa kuosha, WD-40 naipa alama zote: inapenya hadi ndani bila wewe kufungua kitu, na kuifungua leva hizi sikushauri, springi zikiruka hutazipata tena. Kwa kulainisha, hapana. Inaacha utando mwembamba usiodumu, na wengi wanaosema "ilipona wiki mbili ikarudia" waliishia hapo. Mimi niliacha ikauke vizuri, kisha nikatia matone machache ya mafuta ya cherehani. Ni mepesi, hayagandi, na yanapatikana kwa kila anayeuza nyuzi na sindano. Grisi ya beringi usiiguse, ni nzito mno kwa springi hizo, na mafuta ya kupikia ndiyo kabisa: yakikauka yananata, unarudi ulikotoka.

Nikamalizia kwa waya mpya na ganda jipya. Wa zamani ulikuwa na kutu, na waya unaokwama huifanya leva nzima ionekane mbovu. Tangu hapo gia zote za nyuma zinaingia, hata alfajiri ukungu ukiwa bado chini.

Nyota nne kwa kopo, tano kwa kichupa cha cherehani. Wenye gia za kuzungusha kwenye mshikio wasifuate njia hii: zile ni plastiki kwa sehemu kubwa, zinafunguka kirahisi, na ni bora kuzifuta kwa kitambaa na kuzipaka grisi ya silikoni.