Kitabu cha WHO cha msongo wa mawazo: sura ya nne ndiyo inayokibeba

Mwaka 2020, korona ilipokuwa imefunga shule na mipaka, Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kidogo cha michoro kiitwacho Doing What Matters in Times of Stress, ambacho mtu yeyote anaweza kukipakua bila malipo pamoja na sauti za kumwongoza katika mazoezi. Nimesoma toleo la Kiingereza na kuyafanya mazoezi yenyewe, na kwa maoni yangu kinamfaa sana mtu anayejilaumu, ila kinampunja aliyefiwa.

Kina sehemu tano: kutulia na kurudi pale ulipo, kujinasua katika mawazo mazito, kutenda kwa kufuata unayoyathamini, kujitendea wema, na kuzipa nafasi hisia zinazouma. Tatu za kwanza zimeandikwa vizuri na hazichoshi. Ya nne ndiyo iliyonifanya nikirudie. Haimwambii msomaji abishane na sauti inayomwita mzazi mbaya au mtu asiyefaa, bali inamtaka aitambue, aitaje kuwa ni wazo, kisha ajisemeshe kwa upole, aufikirie mkono wake kuwa umejaa wema, na auweke taratibu pale mwilini panapouma. Wengi wetu, hasa wanaume, tumelelewa kwa kuambiwa tujikaze, kwa hiyo zoezi hili mwanzoni huonekana kama kujidekeza. Waandishi wameliona pingamizi hilo na wanalijibu kwa hoja inayoeleweka vyema katika familia zetu, kwamba anayejitendea wema hubaki na nguvu ya kuwasaidia wengine.

Kasoro yake huonekana ukijua mbinu hizi zilikojaribiwa. Huko Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini walikaa katika vikundi vya watu 20 hadi 30, kwa vikao vitano, wakisikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, huku wakiongozwa na wawezeshaji ambao hawakuwa wataalamu wa afya ya akili. Utafiti huo wa wanawake 694, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba walioshiriki walipata nafuu zaidi kuliko wenzao waliopewa msaada wa kawaida, ingawa baada ya miezi mitatu tofauti hiyo ilikuwa imepungua. Kitabu kilichotolewa wakati wa janga kinamwacha msomaji peke yake. Sababu inaeleweka, kwani mikusanyiko ilikuwa imepigwa marufuku karibu kila mahali, lakini kwa jamii ambazo faraja huletwa na watu, pengo ni kubwa. Kenya mwaka huo iliwahi kuweka kikomo cha watu 15 katika mazishi, na majirani ambao wangelala matangani, wakapika, wakaimba na kumkalia mfiwa hadi aanze kula, walibaki majumbani kwa amri na kafyu. Mtu huyo alinyimwa mikono ya wenzake, na kitabu kinampa mkono wake mwenyewe. Ni kitu, lakini hakitoshi. Kurasa chache za kueleza namna ya kufanya zoezi hilo watu wawili, hata kwa simu, zingekikamilisha. Zingewafaa pia wanaoishi chumba kimoja na watoto wanne, ambako utulivu unaodhaniwa na sauti zile ni anasa.

Ningempa kitabu hiki muuguzi, mwalimu, au mzazi anayejiona ameshindwa. Aliyekosa usingizi na hamu ya chakula kwa wiki nyingi, au anayefikiria kujiua, apelekwe hospitali kwanza. Kikundi cha akina mama au jumuiya ndogondogo kinachotaka kukitumia kinahitaji spika ndogo tu ya kuchezea zile sauti na mtu mmoja wa kuzifafanua. Wasome sehemu moja kwa wiki, na ile ya nne waipe wiki mbili.