Kitabu nimekipata, lakini yule mzee wa duka la vitabu amenikera mpaka leo

Naandika nikiwa bado na hasira, na wanaonifahamu wanajua mimi si mtu wa kugombana madukani. Duka sitalitaja jina. Liko mjini kati hapa Mwanza. Ukiingia unakutana na madaftari, rimu za karatasi na vitabu vya mitihani, na nyuma kabisa, karibu na mlango wa stoo, ipo rafu moja ya vitabu vya kusoma tu. Rafu hiyo ndiyo iliyokuwa ikinipeleka pale miaka yote.

Lakini kwanza mjue nilikwenda kutafuta nini, la sivyo mtasema nakuza jambo dogo.

Sisi ni wanawake wachache tunaocheza mchezo. Tulianza na mchezo wa hela kama watu wote, yaani kuchanga na kupokea kwa zamu, halafu mwenzetu mmoja akashauri kwamba kila anayepokea achague na kitabu. Ukipokea, unataja kitabu unachotaka wote tusome, unasema mbele yetu kwa nini, na hakuna ruhusa ya kukikataa. Nuna ukitaka, lakini utakisoma. Nakala hazitutoshi, kwa hiyo tunazungusha: kinatoka Igoma, kinashuka Kirumba, kinakwenda Nyegezi, kinapanda daladala kwenye begi la mtoto wa shule na kurudi kimefungwa kwenye kipande cha khanga. Kupiga mstari kwa penseli ruhusa, kalamu ya wino marufuku.

Mimi kazi yangu ni hesabu za mizigo ya dagaa pale Mwaloni. Siku nzima ni magunia na majina ya wenye mali. Peke yangu nisingejua nianzie wapi, na vitabu vyote vilivyonishika miaka hii nimeambiwa na hawa wenzangu. Mmoja alituletea Rosa Mistika ya Kezilahabi, ile ya 1971, tukabishana jioni nzima kuhusu baba yake Rosa alivyompiga binti kwa ajili ya barua ya mvulana. Wawili kati yetu walitoka bila kuagana. Wiki iliyofuata walirudi wamekisoma upya kila mmoja kwake ili wamshinde mwenzake.

Sasa ikaja zamu ya rafiki yangu muuguzi, mzaliwa wa Ukerewe. Akasema, Kezilahabi mmemsoma, naye ni wa kisiwani kwetu, kazaliwa Namagondo mwaka 1944. Sasa msomeni aliyemtangulia. Akatuambia habari za Aniceti Kitereza, mtu wa 1896, aliyemaliza kuandika hadithi yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapa, akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka Dar es Salaam mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki, kabla hajakishika kitabu chake mkononi. Tulinyamaza wote. Miaka 35 mtu anangoja kitabu, halafu anaondoka kikiwa njiani.

Akaniandikia jina lake kwenye kikaratasi kwa sababu ni refu na mimi ndiye niliyekuwa napita mjini. Aliandika kwa ule mwandiko wake wa kwenye mafaili ya wagonjwa, herufi kubwa zilizoachana: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Chini yake akaongeza, "Usiruke sehemu za pombe ya ndizi, mambo yote yapo humo."

Nimeingia dukani na hicho kikaratasi. Mwenye duka ni mtu mzima, sawa na baba zangu wadogo. Nikamwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia. Kunisikia alinisikia, kwa sababu aliinua macho, akanitazama, akarudi kwenye simu yake. Nikarudia, "Shikamoo, baba." Akasema, "Sema."

Jamani. Shikamoo unaipokea hata kama umefiwa.

Nikampa kikaratasi. Akasoma, akauliza, "Cha kidato cha ngapi?" Nikamwambia si cha shule, nasoma mwenyewe. Akauliza, "Una mtihani?" Nikasema sina. Akanitazama kuanzia kilemba hadi ndala. "Mtu mzima unatafuta hadithi?" Hapo hapo akavuta kitabu kingine kwenye rundo, cha namna ya kupata utajiri, akakiweka mbele yangu. "Chukua hiki. Hiki kina faida." Nikamwambia asante, nimetumwa hicho. "Nani kakutuma?" Rafiki yangu. Tunasoma pamoja.

Akasema, "Huyo rafiki yako hana kazi ya kufanya."

Halafu akakigeuza kile kikaratasi, akachukua kalamu, akaanza kupigia hesabu ya rimu za mteja aliyekuwa nyuma yangu. Wino ukapenya upande wa pili. Alipojumlisha, akakikunjakunja na kukitupa kwenye boksi la taka chini ya kaunta. Nikamwambia, "Baba, hicho ni changu." Akajibu, "Si umeshanitajia jina?"

Mtaniuliza kwa nini sikuondoka. Sikuondoka kwa sababu zamu haikuwa yangu, ilikuwa ya mwenzangu, na siku ya kukutana ilikuwa inakaribia. Nikatoa shilingi 10,000 ya kuagizia, nikaandikiwa risiti, nikatoka nikitetemeka mikono. Nilikwenda kwa miguu mpaka Makoroboi ndipo nikakumbuka kwamba nilitakiwa kupanda daladala.

Huyo anayeitwa hana kazi anakesha wodini. Anatoka asubuhi macho mekundu, analala saa chache, halafu anasoma kurasa zake kabla ya kurudi zamu. Akipenda kitabu hawezi kukaa nacho peke yake, atakupigia simu usiku akusomee kipande. Ndiye aliyenifundisha kwamba kumchagulia mtu kitabu kunataka umjue. Yeye hasemi tu "kizuri hicho". Atakuuliza wiki hii umelalaje, unagombana na nani, umechoka au umechangamka, ndipo akutajie jina. Mwenye duka hakumwona hata kwa macho, amesoma herufi zake mbili tatu na kumhukumu.

Kwa hiyo kama umekuja hapa kuuliza kama duka hili linafaa, jibu langu ni halifai. Nyota moja, na hiyo ni ya rafu ya nyuma.

Sasa niseme na upande wa pili, maana sipendi kumwonea mtu. Kitabu walikipata. Niliambiwa nirudi wiki inayofuata, nikarudi, hakuna. Nikarudi tena, hakuna, na mzee hata kuniangalia haangalii. Lakini pale dukani yuko binti anayesaidia kuuza. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga simu Dar es Salaam kwa wauzaji wa vitabu vya zamani, mmoja baada ya mwingine, mpaka mmoja akasema anacho. Kikaja na basi. Nilipokwenda kukichukua, binti akanitolea kutoka chini ya kaunta, si kwenye rafu, amekifungia kwenye gazeti. Kurasa zimegeuka rangi kwa uzee lakini hakuna hata moja iliyopungua.

Na ndani yake, kwenye ukurasa wa kwanza, kile kikaratasi. Alikiokota kwenye taka siku ile ile, akakinyoosha kwa mkono. Upande mmoja hesabu ya rimu, upande wa pili mwandiko wa mwenzangu, wino wa yule mzee umepita juu ya jina la Bugonoka lakini linasomeka. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, nisamehe, nilianza kukisoma. Sijakunja ukurasa wowote." Nikamuuliza amefika wapi. Akasema amefika pale Myombekere anapowafuata wakwe zake kumwomba mke wake arudi. Tukaanza kuongea. Akaniambia nikimaliza hiki nitafute Kichwamaji ya Kezilahabi, aliiazima kwa kaka yake akaisoma, na kwamba huyo Kazimoto wa mle alimkasirisha mpaka akataka kumwandikia barua. Tulikuwa bado tunaongea mzee akatokea stoo: "Hapa si maktaba! Unauza au unapiga hadithi?"

Binti akanyamaza palepale. Mimi nikalipa kilichobaki. Na hapa lazima niwe mkweli: bei ilikuwa ile ile tuliyokubaliana. Hakuongeza hela ya usafiri, wala hakusema soko limepanda. Kwa hesabu za fedha ni mwaminifu, na madukani siku hizi hilo si dogo. Nilipotoka nilikuwa nimeshaanza kusema moyoni, haya, nyota tatu. Muende, ila muulizie binti.

Halafu tukakisoma.

Wasiokijua, hadithi yenyewe ni ya mume na mke wasiojaliwa mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mwanamke mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua. Mume hataki kuoa mwingine. Anakwenda ukweni, anajishusha, anatozwa pombe ya ndizi, na jinsi pombe hiyo inavyotengenezwa imeelezwa hatua kwa hatua mpaka unasikia harufu yake. Rafiki yangu alisema kweli. Mtu akisoma haraka ataziruka kurasa hizo akidhani ni maelezo ya mila tu, kumbe kila hatua ya ile pombe ni mwanamume anamfanyia kazi mke wake arudi nyumbani.

Katika sisi yuko mmoja ambaye ameishi na maneno ya ukweni kwa sababu hiyo hiyo. Katika vikao vyetu huwa anakaa karibu na mlango, anapika chai, anasikiliza, na ukimuuliza anasema kitabu ni kizuri. Siku ya kikao hicho aliomba kuongea wa kwanza. Akasoma kipande ambacho Bugonoka anaondoka nyumbani kwa mumewe, akakifunga kitabu kidole chake kikiwa ndani, akazungumza muda mrefu kuhusu mambo ambayo sitayaandika hapa. Hakuna aliyemkatiza. Nikamgeukia muuguzi, naye alikuwa anatazama chini. Ndipo nikaelewa kwamba alipotaja kitabu kile hakuwa anatutajia sisi wote. Alikuwa amemchagulia mtu mmoja, akatusomesha wote ili mtu huyo asisome peke yake.

Na huyo ndiye aliyeambiwa hana kazi ya kufanya.

Basi zile nyota tatu nimezifuta. Hapana. Mtu anayeuza vitabu akidharau mtu aliyetumwa kitabu na rafiki yake, amedharau njia ambayo vitabu vingi vinatufikia. Hakuna tangazo lililowahi kuniletea kitabu mimi. Kimekuja kwa mdomo wa mtu, kwenye karatasi ya risiti, kwenye simu ya usiku. Mzee yule ana rafu moja tu ya vitabu vya kusoma, na mimi naamini kinachoilisha rafu hiyo ni watu wanaotumwa kama nilivyotumwa mimi. Akiwafukuza, abaki na rimu zake.

Wenzangu hatujakubaliana. Wawili wanasema tukiacha kununua pale tutakuwa tumemwadhibu binti, si mzee. Mmoja anasema tuazime maktaba ya mkoa, tusimpe hela yetu mtu mwenye mdomo. Muuguzi mwenyewe, nilipomsimulia yote, aliuliza kitu kimoja tu: huyo binti anaitwa nani, na anatoka kazini saa ngapi. Nilikuwa sijui.

Nimerudi wiki hii kuuliza. Mzee alikuwepo, sikumwamkia, na hilo limeniuma kwa sababu sikulelewa hivyo, lakini mdomo ulikataa. Binti kanitajia jina na kusema Jumamosi jioni huwa huru. Zamu inayokuja ni yangu. Nitataja Kichwamaji, na nikiulizwa kwa nini, nitamnyanyua binti pale alipokaa, awaeleze mwenyewe.