The African Queen kwenye Blu-ray: jicho la mpiga picha wa Lindi

Kwenye picha yoyote, iwe ya pasipoti au ya filamu, mimi huanza na ngozi. Nina studio hapa Lindi mjini, na kabla kamera za kidijitali hazijafika nilikuwa nasafisha picha mwenyewe kwenye chumba cha giza. Nyuso za watu wetu ndizo zilizonifundisha kazi. Ukikosea mwanga kidogo tu, uso wa bwana harusi mweusi unakuwa doa lenye macho na meno, na mama yake anakurudishia picha kwa haki kabisa.

Kwa hiyo niliposhika diski ya Blu-ray, ile inayobeba picha kali kuliko DVD, ya filamu ya The African Queen, sikuwa na haraka ya kuwaona waigizaji wake wakuu, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Nilisimamisha picha kanisani, mwanzoni kabisa, pale mmisionari na dada yake wanapowaongoza wanakijiji kuimba wimbo usioimbika. Kwenye DVD ya zamani niliyokuwa nayo, wanakijiji hao ni kundi la giza. Ukiwatazama husemi huyu ni mzee, huyu ni kijana, huyu amechoka. Hapa nimewaona. Jasho kwenye paji la uso, mikunjo ya shingo, tofauti ya weusi wa mtu mmoja na wa jirani yake. Sitasema wote wametoka vizuri. Taa za filamu ile zilipangwa kwa ajili ya Wazungu wawili wenye nguo nyeupe, na waliokaa mbali na mwanga wamebaki gizani hadi leo, kwa sababu ambacho hakikuingia kwenye mkanda mwaka 1951 hakiwezi kutolewa humo na mashine yoyote. Lakini kilichoingia kimetolewa, na hicho ndicho kipimo changu cha kwanza.

Filamu yenyewe wengi mnaijua kwa kusikia. Ni kisa cha boti chakavu ya mvuke na watu wawili wanaoteremka nayo mtoni kwenda kuizamisha meli ya Wajerumani ziwani, hapa hapa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, Septemba 1914. Aliyeiongoza ni John Huston, akiifuata riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Meli ya kwenye hadithi inaitwa Luisa, na inafanana sana na Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 tunaijua kwa jina la Liemba. Vita hiyo hiyo, ya Kwanza ya Dunia, ilikuja kutufikia huku kusini. Huko Mahiwa Waingereza na Wajerumani walipigana Oktoba 1917, na mtu wa Lindi haitazami hadithi hii kama ya mbali. Ila mandhari mnayoyaona si ya kwetu. Walipiga picha Uganda na Kongo, na sehemu nyingine studio huko Uingereza.

Sasa turudi kwenye rangi, maana hapo ndipo diski hii inapostahili sifa zake zote.

The African Queen ilipigwa kwa Technicolor ya mikanda mitatu. Kamera yake ilikuwa na kioo cha pembe ndani kilichougawa mwanga, na mwanga huo ukaangukia mikanda mitatu ya negativu, yaani filamu za asili ambazo nakala huchapwa kutoka kwake, kwa wakati mmoja: mmoja unabeba nyekundu, mmoja kijani, mmoja bluu. Mikanda yote mitatu ni ya picha nyeusi na nyeupe. Rangi zilikuja baadaye, wakati wa kuchapa nakala za sinema, kwa kugandamiza wino wa rangi moja juu ya mwingine. Aliyekuwa nyuma ya kamera ni Jack Cardiff, Mwingereza ambaye tayari alikuwa na tuzo ya Oscar kwa kazi ya rangi. Mfumo huo ulikula mwanga kupita kiasi, na kuna masimulizi mengi ya jinsi walivyovuta mtoni majukwaa yanayoelea, moja la kamera na taa, jingine la jenereta, kwa ajili tu ya kuupa mkanda mwanga wa kutosha chini ya miti.

Kuna faida na hasara kwenye hilo, na zote mbili zinaonekana kwenye runinga yako. Faida ni kwamba negativu nyeusi na nyeupe haipauki. Albamu za harusi za miaka ya 1980 zilizopo kwenye kabati langu zimegeuka rangi ya kutu, lakini negativu za Cardiff hazikuwa na rangi ya kupoteza. Hasara ni kwamba mikanda mitatu husinyaa kila mmoja kwa namna yake, na miaka ikipita haikai tena sawasawa ikipangwa pamoja. Ndiyo maana kopi za zamani za filamu hii zina ukingo mwekundu upande mmoja wa uso na wa kijani upande wa pili, na kila kitu kinaonekana kimefifia ingawa lenzi haikukosea.

Kwa toleo lililotoka 2010 waliirudia kazi kutoka kwenye negativu asilia zenyewe, wakaziskani kwa 4K, yaani kwa ukali mkubwa wa picha, kila moja peke yake, kisha kompyuta ikazipanga upya fremu kwa fremu. Tazama kola ya lesi ya Rose, dada wa mmisionari anayeigizwa na Hepburn. Kwenye DVD ilikuwa kitambaa cheupe. Hapa unahesabu matundu ya lesi, na ukingo hauna rangi ya ziada hata anapogeuza kichwa haraka. Tazama ndevu za Bogart, mafuta ya mashine vidoleni, kutu ya bomba la moshi. Chupa za jini zinazomwagwa mtoni na kutupwa zinaelea zikipokea rangi ya maji.

Na kijani! Mtu aliyekulia huku anajua kwamba kijani cha mikoko asubuhi si kijani cha mkorosho saa nane mchana, na cha uwanda wa juu wa Rondo baada ya mvua ni kingine tena. Kwenye kopi duni zote hizo ni kijani moja, ya plastiki. Kwenye diski hii majani ya mbele yana umanjano wa jua, ya kati yana kijani kizito, na ya ng'ambo ya mto yanaelekea bluu kwa ajili ya mvuke. Nilirudia sehemu za mtoni kwa furaha ya kutazama majani tu.

Mpwa wangu, ambaye PlayStation 4 yake ndiyo deki ya Blu-ray ya nyumba hii, hakukubaliana nami. Alikaa dakika chache akasema, "Mjomba, diski hii mbovu, mbona ina chenga?"

Alikuwa anaona chembe za mkanda. Ukisogea karibu na skrini, anga na kuta vinatetemeka kidogo kwa vidoti vidogo sana. Nikamtolea kipande cha negativu yangu ya zamani na lenzi ya kukuzia, nikamwonyesha juu ya taa. Picha ya mkanda inajengwa na chembe za fedha zilizopigwa na mwanga, hakuna kitu kingine ndani yake. Uso, jani, wingu, vyote ni chembe. Ukiziondoa, unaondoa na uso wenyewe. Zipo programu za kompyuta za kuzifuta, na kuna filamu maarufu ya mapigano msituni ya miaka ya 1980 niliyoitazama kwenye toleo lililofutwa namna hiyo. Wanajeshi wote wana nyuso kama za nta, hawana vinyweleo, hawana jasho, na msitu nyuma yao umekuwa rangi ya maji iliyomwagika. Watu wengi waliisifu kwa sababu ilionekana "safi". Mimi iliniudhi, kwa sababu mpiga picha alikesha kuupata msitu ule na mtu mwingine akaufuta kwa kubonyeza kitufe.

Mpwa wangu alielewa, ila bado anasema yeye angependelea laini. Sawa. Lakini ukiona chembe nyembamba, za ukubwa mmoja, zinazocheza kila fremu bila kuganda, jua waliotengeneza diski waliuheshimu mkanda. Chembe zikiganda mahali pamoja wakati watu wanatembea, au zikijikusanya kuwa viboksi, hapo ndipo pa kulalamika. Hapa sikuona viboksi hata kwenye dhoruba ya ziwani karibu na mwisho, na giza lenye maji na ukungu ni mtihani mkubwa kwa diski yoyote.

Kopi zinazozunguka mjini kwa flashi haziwezi kufika hapo, na si kwa uzembe wa wauzaji. Diski ya Blu-ray yenye tabaka mbili inabeba GB 50. Filamu nzima iliyobanwa mpaka MB 700 imetupa karibu kila kitu, na kinachotupwa kwanza ni vitu vidogo vidogo: chembe, majani, ngozi gizani. DVD nayo, hata iwe halisi, ina pikseli, yaani vidoti vya picha, 720 kwa 576 kwa mfumo wetu wa runinga wa PAL, dhidi ya 1920 kwa 1080 za Blu-ray. Tena DVD za PAL huenda fremu 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema, kwa hiyo filamu hii ya dakika 105 inaisha dakika nne mapema na sauti zinapanda kidogo. Blu-ray inakwenda kwa mwendo wake wa asili, na sauti ya Bogart nayo inarudi chini mahali pake.

Usafi huu una gharama, na lazima niiseme. Diski inapokuonyesha kila kitu, inakuonyesha na mishono. Waigizaji hawakuruhusiwa kuingia kwenye maji halisi kwa hofu ya magonjwa, kwa hiyo wanapokuwa ndani ya maji ni tangi la studio Uingereza, na kwenye maporomoko mara nyingi wako studio, mto ukiwa umepachikwa nyuma yao. Zamani ukungu wa kopi mbovu ulisaidia kuficha. Sasa unaona mstari mwembamba kuzunguka nywele za Hepburn, unaona mwanga wa usoni unatoka upande usiolingana na jua la mtoni, na wingu la wadudu linaonekana wazi kuwa limewekwa juu ya picha. Boti ya mfano inapoteremka maporomoko, ukubwa wa matone ya maji unaisaliti. Kuna watakaosema warejeshaji wangerekebisha. Nawapongeza kwa kutogusa. Mishono ile ni kazi ya mikono ya mwaka 1951, na anayetaka kuifunika atengeneze filamu yake.

Malalamiko yangu ya kweli ni mawili. Picha za mbali za wanyama na kingo za mto, ambazo naona zilipigwa kwa haraka, ni laini na zenye chembe nzito kuliko nyingine, na ukitoka kwenye uso wa karibu kwenda kwao macho yanashtuka. La pili ni kwamba hakuna maandishi ya Kiswahili. Filamu inayoanza kwa kutaja nchi yetu, bibi yangu hawezi kuifuata bila mimi kukaa pembeni nikimtafsiria.

Sauti ni ya mono, yaani ya njia moja, safi, bila mikwaruzo. Haina zaidi.

Kabla hujaihukumu picha, rekebisha runinga. Madukani kwetu runinga huwekwa kwenye hali ya kung'aa kupita kiasi ili ivutie mtu anayepita barabarani, na watu huzibeba hivyo hivyo hadi nyumbani. Ingia kwenye mipangilio, chagua hali ya Movie au Cinema, shusha ukali wa picha hadi sifuri au karibu nayo, na zima kile kinacholainisha mwendo, maana hicho kinaifanya sinema ionekane ya harusi ya kukodi kamera. Na msinyooshe picha! Filamu ya wakati huo ni karibu mraba, uwiano wake ni 1.37 kwa 1, kwa hiyo lazima kuwe na weusi kushoto na kulia. Shemeji yangu alichukua rimoti akaijaza skrini yote, na mara Hepburn, mwanamke mwembamba kuliko wote, akawa mnene na paa la boti likakatwa. Tazameni jioni, pazia likiwa limefungwa. Jua la Lindi la saa tisa likigonga skrini, hata kazi ya Cardiff haionekani.

Kuipata kunahitaji subira. Dukani hapa sijaiona, na Mtwara nilipouliza walinionyesha flashi. Yangu ilinunuliwa nje na jamaa, ikafika Dar, ikaletwa kwa basi. Ukiagiza, angalia alama ya kanda nyuma ya kasha: Afrika tuko kanda B pamoja na Ulaya, na diski ya kanda A, ya Marekani, inaweza kukataa kabisa kwenye deki yako. Bei yake inanunua flashi iliyojaa filamu nyingi, hilo halina ubishi, na mwenye runinga ndogo ya inchi 24 sitamshawishi. Mwenye inchi 40 kwenda juu, na anayejali sura za watu zinavyoonekana, ainunue. Na akishaiweka, aanze na lile kanisa, asimamishe picha, awaangalie waumini mmoja mmoja kabla ya kuendelea.