Marumaru na jiwe la matumbawe: ndimu imeniharibia mapenzi

Haya wadau, karibuni tena. Kwanza mnisamehe kwa sauti ya video iliyopita, maikrofoni yangu imekufa, hii ya leo nimeazima, kwa hiyo msiniombe nipige kelele.

Mezani nina vipande viwili. Hiki cheupe chenye mishipa ya kijivu ni marumaru, mabaki ya kaunta ya mtu, nimeuziwa shilingi 15,000. Muuzaji anasema imetoka Morogoro. Na hiki kilichokwaruzika ni jiwe la matumbawe, nimeliokota Tanga kwenye kifusi cha nyumba ya zamani. Bure.

Na jamani, nikisema marumaru sisemi taili! Nimeingia duka moja, nikauliza kama wana marumaru, nikatolewa boksi la vigae. Vigae ni udongo uliochomwa kiwandani, hata mwezi haujaisha tangu vitoke tanuruni. Hii hapa imepikwa chini ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Tuheshimiane.

Mambo ya mwamba wa mashapo na mwamba geu mlisoma kwenye jiografia, sirudii. Shikeni hili tu: hawa wawili ni ukoo mmoja. Matumbawe na makombe yanarundikana baharini, yanagandamana, unapata jiwe la chokaa, ndio mwamba wa mashapo huo. Jiwe la chokaa likizikwa chini sana, likabanwa na kupata joto kali bila kuyeyuka, chembe zake zinajipanga upya na kuumana. Hiyo ndiyo marumaru, mwamba geu.

Sogeeni. Nawasha tochi ya simu. Mnaona hivi vinyota kwenye jiwe la Tanga? Kila kinyota ni chumba alichokaa mdudu wa tumbawe. Sasa angalieni marumaru hapa ilipovunjika: inametameta kama sukari, na hakuna kinyota hata kimoja. Joto limepanga upya chembe zote. Mimi hapo ndipo huwa napata mshangao, halafu mtu anakuja kuniambia mawe hayana habari.

Maji. Tone juu ya marumaru... limekaa, limejikunja kama shanga. Tone juu ya matumbawe... mmeliona? Mimi sijaliona, limenywewa. Kisu? Kinachora yote mawili bila shida, tuendelee.

Sasa ndimu. Hii ndiyo sababu ya video nzima. Nakamua tone moja hapa kwenye marumaru, upande uliong'arishwa. Tulieni. Sogezeni masikio, maana kamera yangu haioni vizuri: kuna vipovu vidogo pembeni mwa tone. Ile ni hewa ya kaboni inatoka. Asidi ya ndimu inakula jiwe. Tone jingine huku kwenye matumbawe... eeh, huku linachemka kama soda, kwa sababu limeingia kwenye vitundu.

Nasubiri dakika 5. Wakati nasubiri: waliouliza kuhusu mawe ya kunolea visu, video inakuja wiki ijayo. Na nyie wa timu graniti, najua mshaanza kuandika. Ndiyo, graniti ni ngumu zaidi na ndimu haiichemshi. Lakini graniti ni mwamba wa moto, yaani umetokana na mawe yaliyoyeyuka, si wa ukoo huu, kaeni pembeni kidogo. Na bei zenu mnazijua.

Haya, nafuta. Naosha kwa sabuni, nakausha. Tazameni nikilaza tochi ubavuni... hapo! Hicho kiduara kilichofifia. Nimesugua, nimerudia kusugua, hakitoki, kwa sababu si doa. Uchafu haupo pale, kilichokosekana ni jiwe lenyewe. Pitisha kidole, unahisi mkwaruzo pale ambapo pembeni ni kama kioo. Dawa yake ni fundi aje na mashine angarishe upya kaunta yako.

Na jikoni kwetu sisi! Ndimu kwenye samaki, ukwaju, siki ya kachumbari, achari. Mtu anaweka marumaru ya mamilioni halafu anakatia ndimu juu yake? Nilikuja hapa nikiwa naipenda, nawaambia ukweli, nilikuwa nimeshaanza kupima kaunta yangu kwa futi.

Ajabu ni kwamba jiwe la bure limeumia vilevile, pengine zaidi, ila halionyeshi, maana halikuwa na mng'aro wa kupoteza. Wazee walilijua. Fort Jesus pale Mombasa ilianza kujengwa 1593 kwa mawe kama haya, na bado imesimama. Kwenye nyumba walikata mawe, wakapanga, halafu wakapaka lipu ya chokaa, ambayo nayo imechomwa kutoka kwenye matumbawe hayo hayo. Lipu ikiliwa na chumvi, unapaka nyingine. Usiniletee tu habari ya kuliweka jikoni: tone la mchuzi wa bizari likiingia mle ndani, mmeshaoana.

Kwa hiyo marumaru nitaiweka sebuleni, kimeza cha kuwekea maua. Mwanzoni nilisema kaunta, sasa nasema maua. Labda hata maua yasiwe na maji.

Hiki kipande cha 15,000 nakifunika kwa nusu ndimu mpaka asubuhi. Bonyezeni kengele, kesho naweka picha tuone kimebaki na sura gani.