Mwongoza wageni wa Nyeri: chai nyota tano, historia nusu

Niliwaleta skauti wangu 11 kutoka Likoni, tukalala Nyeri, asubuhi tukamkodi kijana mmoja mwenye gari lake. Jina lake silitaji, anatafuta riziki. Shilingi 7,000 kutwa, mafuta juu yake. Saa moja kasorobo alikuwa mlangoni, gari limeoshwa, na alipoona watoto wa pwani wanatetemeka akasimama mjini bila kuombwa, tukanywa chai ya tangawizi. Hapo tayari nilishampenda.

Makaburini St Peter's, alipozikwa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, Januari 1941, hakutuharakisha. Aliwaacha watoto waisome wenyewe alama iliyo kwenye jiwe: duara lenye nukta katikati, ambayo kwa alama za skauti maana yake ni "Nimekwenda nyumbani." Aliyeitambua kwanza ndiye mdogo kuliko wote, hana hata miezi mitatu ya uskauti. Baadaye Paxtu, kijumba kilichomo katika uwanja wa hoteli ya Outspan, alikohamia Baden-Powell 1938 akiwa mzee wa miaka 81.

Basi mvulana mmoja akauliza: "Kaka, huyu alikuwa jenerali wa vita gani?" Akajibiwa, "Vya zamani, huko Afrika Kusini," kisha tukarudi kwenye mafundo na mahema.

Jamani! Mtu kaingia jeshini 1876, katoka 1910 akiwa luteni jenerali, halafu tunapewa mahema? Ikabidi niingilie. Nikawapa Mafeking, mji wa Afrika Kusini: siku 217, Oktoba 1899 hadi Mei 1900, Makaburu wameuzingira mji. Baden-Powell, kamanda wa Waingereza mle ndani, anafukia masanduku ya mchanga na kutangaza kuwa ni mabomu. Anawaamuru askari wake wainue miguu kana kwamba wanavuka seng'enge, na seng'enge yenyewe haipo, ili adui aliye mbali adhani ipo. Watoto walivunjika mbavu, wakaanza kuvuka seng'enge palepale kwenye nyasi. Vita hivyo vikamfanya meja jenerali akiwa na miaka 43.

Nikaendelea. Barolong, wenyeji Waafrika wa pale, nao waliulinda mji ule, na mgao wa chakula ulipopangwa, Waafrika ndio waliolala na njaa. Na miaka mitatu kabla, 1896, huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, chifu Uwini alikuwa mateka wake akapigwa risasi kwa amri yake. Kikaitwa kikao cha uchunguzi, kikamsafisha. Kuvuka seng'enge kukakoma. Mkubwa wao akauliza, "Mwalimu, na bado tunavaa skafu yake?" Nilimwambia swali hilo tutalilala nalo, na kweli tulibishana njia nzima hadi Mtito Andei.

Yule kijana alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Hakununa. Aliniomba nimtajie Uwini herufi kwa herufi, akaandika kwenye simu.

Nyota tatu na nusu. Ukimkodi wa aina yake, mwambie tangu jana yake kwamba unataka na habari za jeshini, ajiandae. Na beba sweta mbili.