Miche ya Ndimu Iliyopandikizwa: Ipi Inayohimili Unyevu wa Malindi?

Mtu anayetaka kuchuma ndimu uani kwake hapa Malindi anaweza kupanda mbegu na kusubiri miaka, au kununua mche uliopandikizwa, yaani tawi la mndimu lililounganishwa kwenye shina la mche mwingine, ambao, ukitunzwa, huanza kuzaa katika mwaka wa pili au wa tatu. Tathmini hii inahusu miche ya kitalu kimoja kilicho kando ya barabara iendayo Gede, kinachouza aina mbili kwa bei moja ya shilingi 250: ndimu ndogo ya kienyeji, yenye ganda jembamba na mbegu nyingi, na ndimu kubwa isiyo na mbegu, ambayo wauzaji wengi huiita Tahiti. Nilizipanda zote mbili katika ua mmoja, kwenye udongo uleule wa kichanga, zikapitia kaskazi, zikanyeshewa na masika.

Nianze na kazi ya mikono, kwa kuwa ndiyo sifa kubwa ya kitalu hiki. Kiungo kati ya shina la chini na tawi lililopandikizwa kiko juu, zaidi ya shibiri moja kutoka kwenye udongo, na kimefungwa vizuri bila kuacha ufa. Jambo hili si la urembo. Ugonjwa wa kuoza shingo ya mti, unaoletwa na vijidudu vinavyosafiri katika udongo uliojaa maji, huingilia kwenye gome lililo karibu na ardhi, nao mndimu ulioshikwa hutoa utomvu wa rangi ya kahawia pembeni mwa shina kabla majani hayajaanza kugeuka manjano. Kiungo kikiwa juu, maji ya mvua yanaporusha matope hayakifikii kwa urahisi. Nimeona vitalu ambako kiungo kimefukiwa kabisa ndani ya mfuko, na mnunuzi hawezi kujua mpaka autoe mche.

Udongo wa mfukoni, kwa upande mwingine, haukunifurahisha. Ni mfinyanzi mweusi ambao ukikauka hushikana na kuwa mgumu, na ukilowa hauachii maji, wakati sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mchanga. Mche ukishapandwa shimoni pamoja na bonge lake, maji ya kumwagilia hupita pembeni kwenye mchanga na kuacha mizizi ya katikati ikiwa kavu. Masika yakija, bonge hilohilo hujaa maji na kubaki hivyo kwa siku nyingi. Dawa yake ni kulilegeza bonge taratibu kwa vidole wakati wa kupanda, kuchanganya samadi iliyooza vizuri na udongo wa shimo, na kuinua kitako cha mche kidogo juu ya usawa wa ardhi. Kazi hiyo ingepungua sana kama kitalu kingechanganya mchanga tangu mwanzo.

Sasa nije kwenye aina zenyewe, maana hapa ndipo mnunuzi anapohitaji kuwa macho. Nilipouliza ipi inafaa zaidi, bi mkubwa anayesimamia kitalu alinijibu, "Mwanangu, kama wataka harufu, chukua hii ya kwetu." Ni kweli tupu. Ukikwaruza ganda la ndimu ya kienyeji kwa ukucha, mafuta yake hurukia hewani na harufu hubaki mkononi mpaka jioni. Kwa achari, kwa samaki wa kupaka na kwa mchuzi wa nazi hakuna inayoikaribia. Ndimu ya Tahiti ni tamu kwa namna yake, ina maji mengi, lakini uchachu wake ni mpole na harufu yake haina ukali ule.

Jambo ambalo bi mkubwa hakulisema, wala kibandiko cha mche hakilisemi, ni kwamba ndimu ya kienyeji ina adui wake maalumu katika hali ya hewa yenye unyevu. Ni ukungu unaoshambulia machipukizi, maua na vitunda vichanga, na huufanya mndimu uonekane kana kwamba ncha zake zimepitishwa motoni. Majani yaliyokomaa hayadhuriki, ila mti huu huchipua kwa wingi mvua inapoanza, na hapo majani laini hukutana na wiki nzima za unyevu, hasa mwezi wa Mei ambapo mvua ya Malindi huwa imefikia kilele. Uani kwangu machipukizi ya mndimu wa kienyeji yalinyauka kuanzia ncha, maua yakapukutika, na vitunda vilivyobaki vikatoka na makovu ya kigaga. Mche wa Tahiti, uliokuwa hatua chache tu kando yake, haukuguswa, kwa kuwa aina hiyo ina kinga ya asili dhidi ya ugonjwa huo.

Dawa ya ukungu yenye madini ya shaba husaidia, mradi inyunyizwe machipukizi yanapoanza kutoka na irudiwe mvua inapoiosha, jambo ambalo katika masika humaanisha kunyunyiza mara nyingi. Kupunguza matawi ya katikati ili upepo upite kunasaidia pia, na kunagharimu mkasi tu.

Wadudu hawakubagua. Miche yote miwili ilikuja na viwavi wachanga walio mfano wa kinyesi cha ndege, kahawia wenye doa jeupe, ambao baadaye hugeuka kijani na kuweza kumaliza majani ya mche mdogo kwa muda mfupi. Ukimgusa kiwavi mkubwa hutoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa kutoka nyuma ya kichwa, zenye harufu kali. Kuwaokota kwa mkono kunatosha. Hata hivyo, kitalu kinachojiheshimu kingewaokota kabla ya kuuza.

Neno moja kuhusu maji: mindimu haipendi chumvi, na visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi. Ncha za majani zikianza kuungua wakati wa kaskazi, kabla ya kulaumu kitalu, mtu aonje kwanza maji anayomwagilia.

Kwa shilingi 250 mche wa Tahiti ni ununuzi mzuri, nami ningeuchukua tena bila kusita kwa ajili ya maji ya ndimu ya kila siku. Wa kienyeji ningenunua mmoja tu, kwa ajili ya achari, na kuupanda mbali na ukuta na mbali na kivuli cha mwembe, mahali ambapo majani hukauka mapema baada ya mvua. Anayekwenda kitaluni aende mwezi wa Machi, kabla mvua hazijaanza, kwa kuwa kufikia Mei inayobaki ni miche iliyopinda ambayo wanunuzi wa mwanzo waliikataa, na bei yake haipunguzwi.