Burton Custom 158: nimeununua kwa ajili ya mfereji wake

Kwa mtu anayeteleza Colorado, ambako leo ni theluji ya unga na kesho ni sakafu ngumu, naupa ubao huu wa kutelezea thelujini (snobodi) wa kampuni ya Burton alama ya juu kabisa. Sifa zake za kasi na uimara zinajulikana. Kilichonifanya nitoe zaidi ya dola 600, tena bila baindingi, yaani vifungo vinavyoshika buti kwenye ubao, ni mfereji. Snobodi nyingi zina matundu ya skrubu yaliyopangwa kwa safu, mara nyingi yakiachana sentimita 2, na unafunga pale tundu lilipo. Custom ina mfereji chini ya kila mguu, wenyewe Burton wanauita Channel. Unalegeza skrubu mbili, unasogeza baindingi mpaka mahali unapotaka, unakaza. Unaweza kufanya hivyo kwenye maegesho ya magari bila hata kuvua glavu ya ndani.

Mimi nina urefu wa sentimita 178, natanguliza mguu wa kushoto, na mlima wangu ni Loveland, saa moja hivi kutoka Denver. Lifti namba 9 pale inakushusha kwenye mita 3,870, juu kuliko kambi ya Horombo ya Kilimanjaro kwa wale wa kwetu Moshi. Upepo wa kule juu unafagia upande mmoja ukabaki mgumu, upande wa pili unarundika theluji mpya mpaka magotini. Hapo ndipo mkao wa miguu unapojionyesha.

Kwenye theluji ya kina nilirudisha baindingi zote mbili nyuma sentimita 2. Pua ya ubao ilipanda juu yenyewe kama ya ngalawa, na paja la nyuma, ambalo kwa kawaida huwaka moto kwa kuegemea mkia, likatulia. Nikaenda na mpangilio huohuo kwenye mteremko uliosindikwa na mashine: ukingo wa mbele ukawa mwepesi, kona ikachelewa kuanza, nikawa nausukuma mkia kwa mguu wa nyuma ili tu ubao ugeuke. Niliporudisha miguu katikati, ukingo ukang'ata tangu mwanzo wa kona. Ubao uleule, mtu yuleyule, sentimita 2 tu.

Upana nao una mambo yake. Nikiachanisha miguu sentimita 60 nasimama imara kwenye kasi na ninapotua, lakini ubao unakuwa mzito kuuhamisha kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine, na magoti yanalalamika jioni. Nikiibana hadi 52 nageuka upesi kati ya miti, ila nikipita kwenye mabonge nayumba. Nimetulia kwenye 56. Pembe ni suala la goti zaidi: nyuzi 15 nje kwa kila mguu zinamfaa anayependa kuteleza pande zote mbili, mimi napenda kukata kona ndefu, kwa hiyo wa mbele uko 21 na wa nyuma 6, vyote vikielekea puani.

Jambo ambalo watu wengi hawaliangalii: pindua ubao ukiwa umefunga buti, utazame chini. Ncha ya vidole na kisigino zizidi kingo kwa kiasi kilekile. Vidole vikizidi sana, ukiulaza ubao kwenye kona kali buti inagusa theluji kabla ya ukingo kumaliza kazi yake, na unarushwa.

Linaloniudhi ni maduka ya kukodisha. Kuna moja tulikwenda na dada mmoja wa Kikongo, mfupi, mara yake ya kwanza, wakamfungia miguu mbali kama ya mtu wa futi sita. Asubuhi nzima hakuweza kugeuka, akaanza kusema mchezo huu si wetu. Tuliazima bisibisi, tukamsogezea miguu ndani tundu mbili kila upande, mchana akawa anakata kona akipiga vigelegele. Ule ulikuwa ubao wa matundu ya kawaida. Kwa hiyo hata usiponunua Custom, usikubali kupewa ubao kabla hawajakuuliza urefu wako na mguu unaotangulia.

Ukiununua, angalia baindingi zako kwanza: za kampuni nyingine zinahitaji diski, kile kisahani cha katikati kinachopitisha skrubu, inayokubali Channel, na skrubu za mfereji ni zake zenyewe, usichanganye. Kwa kuwa hakuna tundu la kukuongoza, hesabu alama zilizo kando ya mfereji, uzipige picha kabla hujalegeza chochote. Na baada ya mteremko wa kwanza simama pembeni, ukaze tena skrubu zote nne.